Mguu wa Kushoto wa Babu

Katika parokia ya babu yangu, kule Idodi, watu kumi na wawili wanaooshwa miguu siku ya Alhamisi Kuu hutoka kwenye jumuiya. Mwaka huo jumuiya yake ilimchagua yeye. Nilifika kutoka Mbeya siku ya Jumatatu ili nile Pasaka naye, nikamkuta uani amekunja uso, na suti yake imeanikwa kwenye kamba.

"Nitawaambia naumwa," alisema.

"Unaumwa nini?"

"Sijaamua."

Sababu niliiona alipovua mabuti ya shambani. Maji na tope la majaruba ya mpunga vilikuwa vimeila miguu yake kwa miaka mingi. Wa kulia ulikuwa na magaga tu. Wa kushoto, vidole viwili havikuwa na kucha, kingine kilikuwa na kidonda, na harufu niliisikia nikiwa nimesimama mbali. Tangu bibi afariki, babu alikuwa haendi kanisani bila mabuti yale, hata wakati wa kiangazi.

Alasiri hiyo akaja mama jirani, mjane anayelima nyanya nyuma ya nyumba ya babu. Alibeba beseni, chupa ya mafuta ya alizeti na jiwe la kusugulia.

"Kamwene, babu," alisalimia kwa Kihehe. "Lete miguu."

"Hiyo ni kazi ya padre."

"Padre anaosha. Hajaitwa kuchimba."

Akapiga magoti kwenye vumbi, akailoweka miguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha akaanza na kisigino. Babu akalalamika kwamba anachunwa. Akajibiwa kwamba ngozi ya ng'ombe wake ni laini zaidi. Nilikaa karibu nikiangalia. Alifanya hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kila siku akibadilisha maji mara tatu, na kila siku akimalizia na kile kidonda, ambacho alikisafisha taratibu na kukipaka dawa ya zahanati. Muda wote huo aliongea: habari za mbuzi aliyeingia sakristia, habari za kwaya iliyogombania sare.

Jumatano nilishindwa kujizuia. Babu alikuwa amesinzia.

"Mama, huoni kinyaa?"

"Naona. Ndiyo maana naongea sana."

"Sasa kwa nini unafanya?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapika. "Alikuwa anataka kwenda," alisema. "Na wewe uko Mbeya." Kisha akanipa taulo. Nikaufuta mguu wa kulia, naye akaufuta wa kushoto.

Alhamisi babu alikwenda. Mlangoni mwa kanisa alivua mabuti, akavaa ndala mpya, na mama jirani akayachukua mabuti na kwenda kukaa nayo benchi la nyuma. Wale kumi na wawili walipangwa mbele. Niliwachunguza mmoja mmoja: visigino vyote viling'aa. Nikajiuliza ni nani aliyepiga magoti katika nyumba zile nyingine kumi na moja.

Padre aliosha mguu mmoja wa kila mtu, wa kulia. Alipofika kwa babu, babu akatoa wa kushoto. Padre akasubiri kidogo. Babu hakuurudisha. Padre akalisogeza beseni, akamwaga maji polepole kuzunguka kile kidonda, akaukausha mguu, akainama kuubusu, akaendelea.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza babu kwa nini.

"Huo ndio uliosumbua watu," alisema. Kisha akamgeukia mama jirani. "Bado unanuka?"

"Kidogo. Kesho nakuja."

"Kesho Ijumaa Kuu."

"Kidonda hakina Ijumaa Kuu, babu."

Akachukua mabuti yake kutoka kwa mama jirani. Alitembea na ndala zake mpaka nyumbani, mabuti ameyashika mkononi.