Maji Mekundu Mezani kwa Mama Zofia

Nawaambia ninyi kwa sababu mama yangu sijathubutu kumwambia. Mama Zofia, Mpolandi mwenye mgahawa wa vyakula vya kwao hapa Kahama, alikuwa anatafuta mhudumu. Akaniita kwanza nile na familia yake, anione nikiwa mezani. Kazi hiyo niliitaka mpaka naiota. Kwenye simu nilijifundisha kushika uma, kukunja kitambaa, hata kutafuna bila sauti.

Mle ndani taa zilikuwa hafifu, mapazia meupe yakipepea polepole, nami nikajiona kama naelea. Yakaletwa mabakuli ya maji mekundu, mepesi, yakifuka mvuke wenye harufu ya udongo uliolowa. Hayakuwa na nyama wala kiazi. Nikawaza, hawa ni waungwana kweli, hadi maji ya kunawa wanayatia viungo! Nikanawa taratibu, kidole kimoja kimoja.

Ghafla nikashtuka. Nimenawa kabla ya mkubwa! Mtoto wa Kisukuma, malezi gani hayo? Nikamwendea mbio baba yake Mama Zofia, mzee aliyekuja kuwatembelea, nikapiga goti na kumwinulia bakuli lake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu. Karibu unawe."

Mzee hakujua Kiswahili. Alitabasamu, akachukua kijiko, akanywa. Akasema neno kwa lugha yao.

"Anakushukuru," Mama Zofia alinitafsiria, macho yake kwenye vidole vyangu vyekundu. "Anauliza, supu yako wewe umeionaje?"