Ndege wa Mianzini

Tulinagwe wa Lupepo anasuka matenga ya mianzi tangu hajaolewa mpaka leo mjane. Mianzi anaikata mwenyewe huko juu mlimani Rungwe, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto wanne. Kosa lake ni moja tu: anajua mambo, na kunyamaza hajui.

Idrisa, mtafiti wa ndege kutoka chuoni, alipofika kijijini alimfungulia simu asikie sauti ya ndege mdogo wa kijani. Vitabuni, alisema, huyo ni aina moja, kuanzia bondeni mpaka kileleni.

"Ndaga, asante mwanangu, lakini hapo mmekosea," Tulinagwe akamwambia. "Huyu wa kwenye simu ni wa bondeni, anaburuza mwisho wa wimbo. Wa mianzini anakata ghafla, kama kaitwa na mama yake. Hawa hata kuoana hawaoani."

Wataalamu nao! Miaka yote hiyo walipima mabawa na midomo, kumsikiliza ndege akiimba hawakuona haja. Basi siku tatu mama wa watu akamtembeza Idrisa kwenye ukungu na matope, akamwonyesha viota. Kijana akarekodi, akaokota manyoya ya kwenda kupima, furaha imemjaa, kila hatua akimsifu mama. Siku ya mwisho akauliza, "Mama, na kwingine anaishi wapi?"

Hapo sifa zikamlevya. "Hana kwingine! Mianzini tu. Ukikata mianzi, umemuua."

Mdomo huponza kichwa. Mwaka juzi ndege akatangazwa kuwa aina yake peke yake, akapewa jina la mzungu asiyewahi kuikanyaga Rungwe. Mwaka huu ukaitishwa mkutano wa kijiji: marufuku kukata mianzi, hata fito moja. Afisa wa misitu akasoma ripoti ya Idrisa: "Mwenyeji mmoja alisema, ukikata mianzi, umemuua."

Tulinagwe akasimama. "Mwenyeji huyo ni mimi. Mliniuliza ndege anakula nini, analala wapi, anataga lini. Mbona hamkuniuliza mimi naishi kwa kazi gani?"

Afisa akapekua karatasi zake, akasema maswali yatapokelewa kwa maandishi. Inauma, jamani.

Lakini aliyemmaliza si afisa. Atupele, jirani aliyesuka naye miaka ishirini, alikuwa amekaa naye benchi moja. Akajivuta pembeni, akakusanya kanga yake.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Wasukaji wengine wakageuka kumtazama Tulinagwe.