Darubini Iliyoona Wawili

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu nyamaza nikueleze. Hili halikumpata shemeji wa rafiki yangu. Lilinipata mimi mwenyewe, sijaonja hata tone la waragi, katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, hapo chini ya Bwera, jua likiwa bado halijazama.

Na mimi si mtu wa mizimu, jamani. Mimi ni mtu wa vioo. Baba alikuja kutoka Kenya kuchimba shaba, nikazaliwa Kasese kwenye nyumba za wachimbaji, na kazi yangu ni kuuza saa, miwani na darubini ndogo, zile za bei ya chini zinazoingia mfukoni. Waongoza wageni wa mlimani, kule Nyakalengija, wananijua. Wanakuja kwangu kwa sababu takataka siuzi, hata ukilia.

Utaijuaje takataka? Kwanza usisome boksi. Boksi litakuapia kwamba inavuta mara hamsini, uongo mtupu. Itikise karibu na sikio, ukisikia kitu kinacheza ndani, rudisha. Vile vioo vyekundu kama mdomo uliopakwa rangi ni urembo tu. Ishike mbali na uso, uielekeze mbinguni, utaona vitundu viwili vya mwanga. Vikiwa mviringo safi, vizuri. Vikiwa vimekatwa pembeni, mtengenezaji alibania vioo vya ndani. Lakini ugonjwa mbaya kuliko yote ni kuona vitu viwili viwili. Wakongomani wanaiita jumeli, neno la Kifaransa ambalo maana yake pia ni mapacha, kwa ajili ya ile mirija yake miwili. Mapacha wasiposikilizana, nguzo moja inakuwa mbili, na kichwa kitakuuma mpaka kesho.

Basi, siku moja ya soko akaja bibi mmoja na fimbo yake, amejifunga kitenge cha njano. Akasema anaitwa Biira. Wakonzo, wenyeji wa huku, binti wa kwanza wanamwita Masika na wa pili Biira, kwa hiyo ukikutana na Biira unajua kuna dada aliyemtangulia.

"Miye natafuta jumeli ya kuona Masika," akasema. "Iko kule."

Akanyoosha fimbo kwenye kilima cha ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo. Masika aliolewa kule akiwa msichana. Siku ya kuondoka walipatana kwamba kila jioni, saa kumi na moja, kila mmoja atatoka nje ya nyumba yake na kumpungia mwenzake kitenge. Masika chekundu, Biira cha njano. Maisha yote hayo, wewe! Kuvuka sasa Biira hawezi, magoti yamekataa. Simu haisaidii, masikio ya Masika yalishakufa. Na macho ya Biira yenyewe yalikuwa yanamwacha.

"Napunga tu," akaniambia. "Sijui kama naye iko anapunga. Labda napungia mawe."

Nikachukua darubini aliyoichagua, nikaangalia nguzo ya umeme pale barabarani. Nguzo mbili.

"Hapana, mukaka," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu. "Hii mbovu. Inaona wawili."

Aliikumbatia kifuani. "Hata akikuwa wawili, si miye nitajua iko mumoja?"

Angekuwa mtu mwingine angemwachia. Mimi nikaanza kumhubiria habari za vioo, nikamwambia aje siku ya soko inayofuata. Akaja. Niliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa na ukungu jicho moja.

"Nipe hivyo hivyo, mutoto yangu."

"Mukaka, vumilia kidogo. Nitakutafutia nzuri."

"Haya," akasema, akaenda zake polepole. Hiyo "haya" yake bado ninaisikia. Nilijiona mtu mwaminifu sana siku hiyo, niamini.

Soko la tatu nilikuwa nayo nzuri. Ndogo, nyeusi, mpira wake umechubuka kidogo, lakini ndani safi kabisa. Nilimngoja kutwa nzima. Jirani yangu wa sokoni, Kabugho, anayeuza samaki wakavu wa Katunguru, naye hakutokea. Nikadhani ni mvua ya asubuhi.

Saa kumi na moja hivi, ninafunga vitu vyangu, nikainua kichwa. Biira amesimama mbele ya meza. Kitenge cha njano, fimbo hana. Ningejiuliza fimbo iko wapi, sivyo? Sikujiuliza. Nilifurahi mno.

"Leo?" akauliza.

"Leo, mukaka! Leo utamwona."

Nikampa. Hakuipokea. "Angalia weye kwanza," akasema.

Nikapima kwenye nguzo: moja. Maandishi ya duka la mbali: yanasomeka mpaka herufi za pembeni. Ndipo nikaigeuzia kilimani. Nikaona bati, nikaona migomba, nikaona mwanamke mzee amesimama mlangoni anapunga kitenge.

Wanawake wawili.

"Shenzi hii!" nikapiga kelele. "Nayo inaona wawili!" Nilitaka kuitupa chini, kwa jinsi nilivyomwonea aibu yule bibi. Nikaangalia mlango: mmoja. Mbuzi aliyefungwa kando: mmoja. Nikarudi kwa wale wanawake, bado wawili, wanapunga. Hapo ndipo nikaacha kuilaumu darubini, kwa sababu kioo kibovu humgawa mtu lakini hakimbadilishi nguo. Mmoja alikuwa anapunga kitenge chekundu. Mwingine alikuwa anapunga cha njano.

Karibu kabisa na sikio langu nikasikia, "Wasingya, mutoto yangu." Ndiyo asante ya Kikonzo. Nikashusha darubini. Mbele ya meza hapakuwa na mtu.

Ulidhani nilikimbia? Nilikaa juu ya kreti langu nikalia, hata sababu nilikuwa sijaijua.

Soko lililofuata Kabugho alirudi, kichwa kimenyolewa. "Biira wetu tumemzika," akaniambia. "Ile asubuhi ya soko lililopita. Nyumba yake na yangu zimepakana, ningekuja kuuza samaki namna gani?" Nikamuuliza mara tatu. Asubuhi, akasema, mvua ikinyesha.

Nilifunga meza, nikavuka mpaka na ile darubini mfukoni, nikapanda kile kilima nikiuliza nyumba ya Masika. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa mikono, kwa kuwa hasikii. Nieleze nini? Kwamba ndugu yako aliniomba macho nikampa mahubiri?

Hakunipa nafasi. Alinitazama, akatazama ile darubini, akacheka na jino lake moja.

"Ni weye mutu ya soko," akasema. "Walikuja kuniambia Biira amekufa. Nikawaambia najua, alipita hapa. Tukapunga pamoja." Akanishika mkono. "Ni weye tulikuwa tunakupungia. Ulituona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Darubini nilimwachia. Sasa kila siku ya soko, saa kumi na moja, wateja wakiniona nimepanda juu ya kreti napunga kitambaa cha njano cha kufutia vioo, wanasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Waache. Kule juu kitenge chekundu kinanijibu. Siku nyingine nikiweka darubini ya mezani kwangu machoni namwona Masika peke yake. Siku nyingine wako wawili, na siku hizo sigusi skrubu za vioo, sipimi nguzo.

Nawe unayenunua, fuata yote niliyokufundisha. Tikisa, angalia mwanga, pima nguzo. Lakini wewe unayeuza, nisikilize vizuri. Mtu akikujia anatafuta kumwona mtu wake, usimwambie aje soko lijalo. Mpe ile uliyoishika mkononi, yenye ukungu, inayoona wawili, mpe tu. Mimi nilimwambia bibi wa watu avumilie, na alivumilia mpaka akafa.