Nyuzi Sita za Mwalimu Leonia

Mwalimu Leonia alistaafu shule, ila mdomo wa ualimu hakuurudisha serikalini. Kila alfajiri, kwa miaka kumi na minane, alijifunga khanga mbili mabegani akaenda kusoma kipimajoto kilichotundikwa kwenye kibanda cha mbao kando ya shule ya kijiji, juu kilimani, mwendo mfupi kutoka Kaengesa. Kisha akaandika kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: joto la alfajiri, upepo, na maoni yake kuhusu siku zijazo. Maoni ndiyo aliyoyapenda zaidi. Ukimpinga, loo, utasomeshwa jiografia ya darasa la sita umesimama barabarani na jembe begani.

Mwezi wa nane ndipo ubao ule ulipopata wasomaji. Kipupwe cha Ufipa kikielekea ukingoni, mchana jua linachoma mpaka unavua sweta, miti ya miombo inaanza kutoa majani mekundu, na kila mwenye bustani bondeni mikono inamuwasha. Nyanya ziko kitaluni, zimefikia kupandikizwa. Ukiwahi, sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya nyasi, itaziunguza zote mara moja. Ukichelewa, mvua za Novemba zitazikuta bado changa, zije na ugonjwa wa ukungu, na hapo umelima bure. Kwa hiyo swali ni moja tu: baridi imekwisha, au inatudanganya?

Mwaka huu Leonia alipata nyuzi sita alfajiri tatu mfululizo. Akaandika kwa herufi kubwa: NYUZI SITA. SAKITU IMEKWISHA. PANDIKIZENI.

Watu walipita, wakasoma, wakasema, "Asante, Mwalimu," wakaenda zao. Kija naye alipita. Huyu alikuwa mgeni, amekuja na mumewe Bundala na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kulima bondeni. Alisoma ubao mara mbili, akashuka, na jua lilipozama alikuwa amepandikiza miche mia sita, yote aliyokuwa nayo.

Asubuhi ya pili yake bonde lilikuwa jeupe. Ilipofika saa sita mchana miche ya Kija ilikuwa myeusi, imelala kama mboga iliyochemshwa.

Leonia aliposikia, kitu cha kwanza alichofanya ni kukimbilia daftari lake. Alfajiri ileile kipimajoto kilisoma nyuzi sita. "Mimi sikukosea," akajiambia. Jioni akajiambia tena. Mara ya tatu maneno hayakutoka. Mwanamke wa watu kapoteza msimu, na wewe unakumbatia namba?

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, alikisoma kipimajoto palepale kibandani: sita. Akakinyofoa, akashuka nacho mpaka bustani ya Kija, akakining'iniza kwenye kijiti, usawa wa goti. Akasubiri, miguu ikifa ganzi. Kikasoma nyuzi moja, na chini yake nyasi zilikuwa nyeupe tena. Moja! Yeye aliyewafundisha watoto wote wa kijiji kwamba hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama mabondeni, miaka yote hiyo alikuwa akiwapa watu wa bondeni joto la kilimani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumapili baada ya misa, wakati wa matangazo, Leonia akasimama mbele ya watu, na wala hakuzunguka mbuyu.

"Kija, mwanangu, miche yako imekufa kwa kosa langu. Joto ninaloandika ni la kilimani. Kule bondeni linashuka nyuzi tano zaidi. Nisamehe. Na ninyi nyote, nisameheni."

Mzee Zenon, aliyelima bondeni tangu ujana wake, akakohoa, akainuka.

"Usijitese, Mwalimu. Hilo sisi tunalijua tangu zamani. Ukiandika sita, tunatoa tano. Tunasubiri ubao useme kumi, ndipo tunapandikiza."

Vichwa viliinama benchi baada ya benchi. Kumbe wote walijua! Nani angethubutu kumsahihisha Mwalimu?

Kija akasimama kule nyuma. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kwa hiyo bonde zima, aliyemwamini Mwalimu ni mimi peke yangu."

Zenon alitazama kofia yake mikononi.

"Kitaluni kwangu kuna miche," akasema. "Mke wangu Jovina atakung'olea, na wengine hapa watachangia."

"Nitaichukua, baba, asante," Kija akasema. "Ila mkilijua jambo, nami niambieni."

Leonia alikuwa bado amesimama. Kwa kuomba msamaha alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakujiandaa. Miaka kumi na minane wanamwambia asante, halafu wanakwenda nyumbani kutoa tano. Lilimuuma kuliko kosa lenyewe.

"Na mimi je, Zenon?" akauliza, sauti imemshuka. "Mimi mngeniambia lini?"

Mzee alimjibu kwa upole, maana alimheshimu na hakutaka kumuumiza.

"Hujawahi kutuuliza, Mwalimu."