Jumamosi Tano za Yusufu Jela

Mliokulia Garissa pamoja nami, kwenye nyumba za askari jela, mtanisahihisha kwa mengine, lakini kwa majina sikosei. Wakati wetu hadithi za kanisani zilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, jua likishapunguza ukali kidogo, tena kidogo tu, maana mchanga bado ulituchoma nyayo tukafika tukirukaruka. Tulikaa mkekani chini ya kibanda cha mabati: Mutinda, Kasyoka, Njeri, Odhiambo na mimi Mwende. Mbele yetu Mwalimu Perpetua, katekista kutoka Kitui, na nyuma yetu sufuria ya githeri ikitokota. Nikisema ukweli wa Mungu, wengine wetu dini tuliipendea nyuma.

Rafiki yangu Halima hakuwa wa kanisa. Alikuwa jirani, Msomali, tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kila siku, na hakuona sababu ya mimi kumpotelea Jumamosi. Basi akawa anakuja kusimama nje ya ua wa miiba, anasikiliza. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza.

Siku moja Mwalimu alisimulia Yusufu alivyouzwa na ndugu zake. Alipofika kwa wale wafanyabiashara wa kwenda Misri, akasema walipita na punda. Kwao Kitui kila mzigo hubebwa na punda.

Hapo nikamwona Dahabo, ayeeyo wa Halima, yaani nyanya yake, amemshika mtoto mkono. Nilijua akimwondoa kwa hasira, hata kati hatutacheza tena. Lakini mama mzee hakuondoka.

"Mwalimu," akaita kutoka nje ya ua kwa lafudhi yake ya Kisomali, "bunda gani inafika Misri? Itakufa njiani. Hiyo ilikuwa ngamia."

"Mama, hii iko kwa Biblia," Mwalimu akajibu kwa heshima.

"Basi fungua."

Mwalimu akafungua, akasoma kimya, akakohoa. "Ngamia," akasema.

"Haya. Endelea. Mimi nasikiliza kama utadanganya juu ya Nabii tena."

Jumamosi iliyofuata, siku Yusufu alipotiwa jela, ayeeyo akaja na kigoda chake, akaketi nje ya ua, Halima kando yake. Wala hakutuficha nia yake. "Nakaa mpaka Yusuf atoke jela," alisema. "Akitoka, huyu mtoto anaenda Kurani kwa maalim, Jumamosi pia."

Basi mimi, binti wa askari jela, nikamngoja Mwalimu hadi wenzangu walipomaliza kula.

"Mwalimu, usimtoe."

"Nani?"

"Yusufu."

Akanitazama, kisha akatazama kile kigoda. "Mwende, alifungwa bila kosa."

"Najua, Mwalimu. Lakini usimtoe."

Hakuniahidi kitu. Ila Jumamosi iliyofuata Yusufu alishinda akifagia seli. Nyingine akasugua masufuria ya jikoni. Nyingine akaugua malaria. Sijui Farao aliutoa wapi utaratibu wote ule wa jela ya Garissa. Mutinda alinung'unika kwamba huyu mfungwa hana rufaa. Lakini ayeeyo, aliyegombana kwa ajili ya ngamia, malaria ya Yusufu aliiacha ipite. Alifumba macho tu akasema, "Endelea."

Tulimfunga Jumamosi tano. Ya tano Padre akaja kusikiliza, na mbele ya Padre ikabidi Yusufu atoke. Ayeeyo akasema "Alhamdulillahi," akachukua kigoda chake na mtoto wake. Kati tuliendelea kucheza siku nyingine, lakini Jumamosi haikurudi. Baadaye Halima akaolewa Mandera, na hadi leo sijamwona.

Sasa hadithi nasimulia mimi. Perpetua alishapumzika, na ingawa mimi niliishia darasa la tatu, hakuna aliyeniuliza cheti. Watoto wanashushwa na gari hadi langoni, wamevaa viatu, mchanga wa Garissa wanausikia kwa jina tu. Askari anawapitishia kile kifaa cha kukagua mwilini, hata wa miaka minne, ambaye hajaficha kitu ila kamasi. Ua wa miiba uling'olewa, pamejengwa ukuta mrefu wenye nyaya juu. Silaumu mtu, makanisa hapa yalishashambuliwa, tumeona mambo.

Nikimtia Yusufu jela tu, Ryan, mjukuu wa Njeri, ananikata: "Shosho, huyo si alitoka? Nilimwona kwa simu. Tuambie mwisho twende." Basi namtoa Jumamosi hiyo hiyo. Dakika kumi, kutoka shimoni hadi ikulu, na hakuna anayenishika kanga kuniomba nimrudishe.

Ila huwa nasimulia kwa sauti ya juu, nimeelekea ukutani, upande ule kilipowekwa kigoda. Watoto wanaambiana kwamba Shosho ameanza kuwa kiziwi. Nawaacha waamini hivyo.