Barua ya Kwenda Kolosai

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa amekufa. Wakati huo mimi na mume wangu, wageni kutoka Kilimanjaro, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kariakoo. Mwenye nyumba, bibi wa pwani aliyefiwa na mumewe zamani, ndiye aliyenikanda na kunipikia uji. Dini yangu hakuiuliza.

Masika yale bonde la Jangwani lilijaa maji. Alasiri tulikaa ukumbini, yeye akisuka ukili wa mkeka, mimi nikisoma Biblia kwa sauti ili nisiwaze. Siku moja nikasoma barua fupi ya mtume aliyekuwa kifungoni. Nikamweleza bibi: mtumwa wa tajiri mmoja wa Kolosai, mji wa kale huko Uturuki, alimtoroka bwana wake. Akakutana na mtume, akaamini. Mtume akamrudisha na barua, akimwomba bwana ampokee kama ndugu.

Bibi akaacha kusuka.

"Akarudi kwa miguu yake mwenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Akapokelewaje?"

"Barua haisemi."

"Mama yangu naye alirudishwa na barua," akasema. "Alitoroka shamba la minazi, akakimbilia kwa mwanazuoni mmoja. Yule mzee alimhurumia, akaandika barua kumwombea msamaha. Bwana akaisoma, akaibusu, akamkaribisha kahawa mjumbe aliyeileta. Mgeni alipotoka tu, mama akafungwa kwenye mnazi siku mbili. Alichechemea mpaka anaingia kaburini."

Jumapili nikamuuliza mchungaji yule mtumwa aliishiaje. Akaniambia wazee wa kanisa la kale walisimulia kwamba aliachwa huru, hata akawa askofu Efeso. Nilirudi nyumbani mbiombio na habari hiyo.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Mtumwa mwenyewe ndiye aliyesema hivyo?"

"Sijui, bibi."

"Basi hatujui, mwanangu." Hakuwa na hasira. Akainuka kwenda kupeta mchele. Tangu hapo hakuniomba tena nimsomee, nami kila nilipofika kwenye barua ile niliiruka.

Mwaka uliofuata tulihamia Magomeni. Habari za kifo chake zilinifikia wameshamzika. Nilikwenda msibani, nikaketi mkekani na wanawake, nikamuuliza binti yake jina la bibi yake mzaa mama, yule aliyechechemea. Akawatazama shangazi zake, nao wakatazamana.

"Sisi tulimwita Bibi tu," akanijibu.