Mlio Mmoja kutoka 964

Ile alama ya kujumlisha inayotangulia namba za simu za nje, Elisifa aliiita msalaba.

"Baba Sifael!" alikuwa akiniita kutoka ng'ambo ya mfereji. "Imelia yenye msalaba!"

Nami niliacha jembe kila mara, nikavuka kwenda kumsomea. Kihamba chake na changu, mashamba yetu ya nyumbani, vinatenganishwa na mfereji huo tu, hapa Kidia, juu ya mji wa Moshi. Ni mjane. Mumewe alipandisha wageni mlimani miaka ishirini, kisha mapafu yakamshinda. Elisifa alibaki na ng'ombe wawili, migomba, mibuni michache ambayo hakutaka kuing'oa ingawa wenzake waling'oa, na mtoto mmoja, Stella. Mwaka juzi wakala alimpeleka Stella Omani kufanya kazi za ndani.

Mimi niliishia darasa la nne. Mengine nilijifunza nikiwa tarishi mjini, katika kurasa za mbele za kitabu cha simu, ambazo wenye elimu hawakuzisoma. Siku zile namba ilikuwa na kwao. Ukiona 027 ulijua mtu yuko huku kaskazini. Ukiona 254, 255, 256, ulijua ni Kenya, sisi na Uganda, kama watoto watatu walioachiana ziwa. Na kabla ya hapo palikuwa na mama wa swichibodi, aliyekutambua kwa sauti na kukuuliza hali ya mgonjwa wako kabla hajakuunganisha. Leo anayepiga hana uso wala kwao. Watu wanasema hayo ni maendeleo, nami nimechoka kubishana nao.

Stella alikuwa na desturi yake. Kila Jumapili, ibada ikishatoka, alimbip mama yake mara moja. Huku kwetu kubip si kupiga simu. Ni kubisha hodi na kuondoka. Simu ililia mlio mmoja, ikanyamaza, Elisifa akasema, "Mzima," akaendelea kumenya ndizi. Hakupokea wala hakurudisha. Mazungumzo yalikuja mwisho wa mwezi, mwajiri akiruhusu.

Kisha wakaja wezi. Lilisomwa tangazo kanisani: kuna watu wanapiga kutoka nchi za mbali, mlio mmoja tu, wanakata, ili wewe mwenye heshima zako urudishe na salio lako liliwe. Nilimweleza Elisifa.

"Sasa mwizi naye akibip," aliniuliza, "nitamjuaje?"

"Kwa tarakimu tatu baada ya msalaba wako. 968 ni Omani, ni Stella. Nyingine yoyote, usiiguse."

"Una hakika?"

"Mama Stella, tarakimu hazidanganyi."

Nilisema hivyo kwa majivuno, naye aliniamini, kwa sababu hakuna mwingine kijijini aliyekuwa akimsomea.

Kwaresma ilipoanza, 968 ikanyamaza, na tukiipiga haikupatikana. Jumapili ya kwanza alisema labda mwajiri amesafiri. Jumapili ya pili akaniita ng'ambo ya mfereji. Imelia yenye msalaba, mlio mmoja, lakini mwanzo wake ni 964.

"Mwizi," nilisema.

Wiki iliyofuata ikalia tena. Akaniita tena. "Mwizi huyo huyo," nilisema. "Amekuona una dalili ya kuingia mtegoni." Baada ya hapo hakuniita. Ikilia aliitazama tu mpaka inyamaze, mikono ikiwa na utomvu wa ndizi. Aliacha kwenda mazoezi ya kwaya. Maziwa yalichachia kwenye kibuyu bila mtu kuyauza.

Baada ya Pasaka simu yake ikagoma kuchaji. Tukashuka wote wawili mjini, hadi kibanda cha Rukia, fundi simu. Rukia ni mtoto wa mjini mwenye mdomo mkali, na aliwahi kufanya kazi Maskati, huko huko Omani, miaka minne.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

Alisafisha tundu la chaji, akaiwasha simu, akapitisha kidole kwenye orodha ya simu zisizopokelewa.

"He! Bibi, una mchumba Iraki, hutuambii?"

"Iraki?" Elisifa aliuliza.

"Si hii 964? Jumapili, Jumapili, Jumapili. Mara saba, na saa ile ile."

"Ni mwizi," nilisema.

Rukia alinitazama. "Babu, mwizi gani huyu anayesubiri ibada itoke?"

Elisifa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kicheko kilikuwa kimemwisha Rukia. Akauliza taratibu, "Una mtu kule Ghuba?"

"Binti yangu. Lakini yuko Omani."

"Wenzangu wawili waliambiwa wanahamishwa nyumba," Rukia alisema. "Wakapakiwa garini. Hiyo nyumba ilikuwa nchi nyingine."

Alipiga ile namba kwa simu yake mwenyewe, akaweka sauti kubwa. Ililia muda mrefu. Mwanamume akapokea, Rukia akaongea naye Kiarabu, na sisi tukawa tunasoma uso wake.

"Ni muuza duka," alitufasiria. "Anasema kuna msichana Mwafrika wa nyumba ya jirani. Alitumwa mkate kila Jumapili, akawa anamwomba simu, mlio mmoja tu. Anasema alimwambia, 'Ongea basi, binti.' Akakataa. Akasema mama yake akisikia mlio wa namba ngeni saa ile atajua kuna jambo, atapiga."

"Yuko wapi?" Elisifa aliuliza.

Rukia aliuliza, akasikiliza. "Ile nyumba imefungwa. Waliondoka naye Jumatatu. Hajui walikoelekea."

Tumepeleka barua kwa mchungaji na polisi. Wameipokea.

Sasa Elisifa anapokea kila simu kabla mlio haujaisha, na ikikatwa anairudisha. Wezi wanamlia salio watakavyo. Simkatazi. Jana asubuhi tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe, kila mmoja upande wake wa mfereji, simu ikalia.

"Stella? Stella, mwanangu?"

Alisikia kimya, kisha pumzi ya mtu, kisha ikakatika. Alivuka mfereji, akaninyooshea kioo cha simu.

"Hii ni ya wapi?"

Niliisoma mara tatu. Sikuijua.